Upasuaji wa ubongo na mfuko wa kuufadhili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: wanafunzi wa udaktari wanaoitamani fani hii, madaktari vijana wanaotafuta ufadhili, na familia za wagonjwa wanaotaka kuchangia mfuko lakini hawajui fedha yao itakwenda wapi. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Ukikuta jibu linakuelekeza swali jingine, lifuate, kwa sababu mambo ya mafunzo na ya fedha yamefungamana.

## Kazi yenyewe

Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anatibu nini?

Anatibu ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu, pamoja na fuvu na pingili zinazovilinda. Katika wiki moja anaweza kuondoa damu iliyovilia kichwani baada ya ajali, kutoa uvimbe, kufunga mgongo wazi wa mtoto aliyezaliwa jana, kufungua njia ya maji kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, kunyoosha pingili zilizovunjika, na kuziba mshipa wa damu uliotuna ukitishia kupasuka. Wapo pia wanaopasua wagonjwa wa kifafa ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia.

Watu hudhani kazi hii yote iko kwenye kisu. Sehemu kubwa ni uamuzi: nani apasuliwe usiku huu, nani asubiri, nani asiguswe kabisa kwa sababu upasuaji utamwacha na hali mbaya kuliko ugonjwa wenyewe. Baada ya uamuzi huo kuna kukaa na ndugu na kuwaeleza kwa maneno wanayoyaelewa. Daktari asiyeweza kukaa na ndugu hajamaliza mafunzo yake, hata kama mikono yake ni hodari.

Ana tofauti gani na daktari bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu?

Huyo wa pili hapasui. Anachunguza na kutibu kwa dawa maradhi kama kifafa, kiharusi na Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Wawili hawa hupelekeana wagonjwa kila siku.

Mafunzo huchukua miaka mingapi?

Shahada ya udaktari huchukua miaka 5 au 6 katika nchi nyingi, kisha mwaka au zaidi wa mazoezi ya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Ubingwa wenyewe hutofautiana: Marekani ni miaka 7, Uingereza 8, na nchi nyingine hutosheka na 5 au 6. Anayetaka ubingwa bobezi, tuseme upasuaji wa ubongo wa watoto, huongeza mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo aliyeanza chuo akiwa na miaka 19 asishangae kufika 33 kabla ya kusimama mwenyewe kama bingwa.

Kwa nini miaka yote hiyo? Si ni ufundi wa mikono tu?

Nitaeleza upasuaji mmoja, ambao wengine huuita mdogo.

Mtoto ana miezi mitatu. Utosi umetuna na kukaza kama ngozi ya ngoma, macho yameshuka chini kama jua linalozama, maana maji ya ubongo hayana pa kutokea. Daktari anapitisha kamera nyembamba kuliko kalamu kupitia utosini hadi ndani ya chumba cha maji. Kwenye skrini unaona ukuta mweupe, mshipa mmoja wa samawati na tishu nyekundu inayoyumba kama mwani. Ukifuata alama hizo unafika sakafuni, kwenye utando mwembamba ambao ukiutazama vizuri unaona mpigo nyuma yake. Huo ni mshipa mkuu unaolisha shina la ubongo. Tundu linatakiwa mbele yake, lenye upana wa milimita chache. Ukitoboa mahali pake, utando unaanza kupepea na maji yamepata njia. Ukikosea kwa kurudi nyuma kidogo, mtoto anaweza kufa mezani.

Daktari anayesomea ubingwa huanza kwa kutazama. Kisha anashika kamera huku mwalimu akishika chombo. Baadaye anashika vyote viwili, na mwalimu amesimama ubavuni bila kusema neno, kidole kikiwa karibu na kifundo cha mkono wa mwanafunzi. Siku kidole hicho kinapoondolewa haiwezi kupangwa kwenye ratiba. Miaka ile yote inanunua siku hiyo, na kwa maoni yangu ndicho kitu cha kwanza ambacho mfuko wa mafunzo unapaswa kulipia.

Je, lazima mikono isitetemeke kabisa?

Hapana. Kila mkono una mtetemo wake. Mpasuaji hujifunza kuegemeza mikono, kukaa vizuri na kutumia hadubini. Kinachowakwamisha wengi ni kushindwa kukiri kosa mapema. Harvey Cushing, Mmarekani aliyezaliwa 1869 na anayehesabiwa kuwa mwasisi wa fani hii, alifiwa na mgonjwa aliyekuwa akimpa dawa ya usingizi wakati yeye bado mwanafunzi. Hakulificha jambo lile. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Amory Codman, walianza kuandika mapigo na upumuaji wa kila mgonjwa aliyelazwa usingizi, na chati za namna hiyo zinajazwa hadi leo katika kila chumba cha upasuaji.

Wanawake wana nafasi katika fani hii?

Wanayo, ingawa bado ni wachache kuliko inavyostahili. Alexa Canady, mwanamke Mmarekani mweusi, alimaliza ubingwa mwaka 1981 na baadaye akaongoza idara ya upasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Michigan kuanzia 1987 hadi 2001. Suala la ujauzito wakati wa mafunzo nimelijibu sehemu ya mwisho.

Upungufu wa mabingwa ni mkubwa kiasi gani?

Makadirio yanayotajwa zaidi yalichapishwa mwaka 2018. Kila mwaka watu wapatao milioni 22.6 duniani hupata maradhi au majeraha yanayohitaji utaalamu wa mpasuaji wa ubongo, na milioni 13.8 kati yao huhitaji kupasuliwa. Zaidi ya milioni 5 walio katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawapati upasuaji huo. Kuziba pengo hilo kungehitaji wapasuaji wa ubongo zaidi ya 23,000 wa ziada.

Ukigawanya hesabu hiyo kwa miaka ya mafunzo niliyoitaja, utaona kwa nini haiwezekani kungoja hadi kila kitu kiwe tayari ndipo tuanze kufundisha.

## Mfuko: ni nini na unafanyaje kazi

Mfuko wa mafunzo na utafiti ni kitu gani?

Ni fedha iliyotengwa kwa masharti yaliyoandikwa, inayosimamiwa na kamati au taasisi, kwa ajili ya kuwafundisha wapasuaji na kulipia uchunguzi wa kisayansi. Baadhi iko chini ya vyuo, mingine chini ya vyama vya kitaaluma. Chama cha wapasuaji wa ubongo wa Marekani, kwa mfano, kina mfuko wake wa utafiti na elimu tangu 1980, na shirika la FIENS limekuwa likipeleka walimu wa kujitolea katika nchi zenye uhaba tangu 1969.

Wakfu una tofauti gani na mchango wa kawaida?

Mchango wa kawaida hutumika wote. Wakfu haugusi mtaji: fedha huwekezwa na kinachotumika ni sehemu ya faida. Mifuko mingi hujiwekea kutoa kama 4 au 5 kwa 100 kila mwaka. Maana yake mtaji wa 100,000 utatoa 4,000 hivi kwa mwaka, na kiasi hicho hakitoshi kumsomesha daktari mmoja mwaka mzima katika sehemu nyingi. Wengi hushtuka wakisikia hivyo. Uzuri wa wakfu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa 40 naye atapata.

Kama fedha ni ndogo na haja ni ya sasa, mimi hushauri itumike yote kwa kijana mmoja kuliko kufungua wakfu mdogo utakaoliwa na gharama za usimamizi.

Fedha inalipia vitu gani hasa?

Posho ya kujikimu ya anayesomea ubingwa, ada na mitihani, safari ya kwenda kujifunza kwa bingwa mwingine, mazoezi katika maabara ya mifupa ya fuvu na hadubini, muda wa utafiti, na mshahara wa anayekusanya takwimu za wagonjwa. Kipengele cha mwisho husahaulika sana. Utafiti mwingi hufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpigia simu mgonjwa miezi 6 baada ya kuruhusiwa.

Safari fupi iliyopangwa vizuri inaweza kubadilisha fani nzima. Gazi Yaşargil alikuwa tayari mpasuaji Zürich, Uswisi, alipokwenda Vermont, Marekani, mwaka 1965, akajifunza katika maabara ya R. M. P. Donaghy kushona chini ya hadubini mishipa ya damu yenye upana wa milimita moja tu. Alirudi, na mwaka 1967 akaunganisha mshipa wa nje ya fuvu na wa ndani ya ubongo wa mgonjwa. Upasuaji wa kutumia hadubini ulienea duniani kutokana na kazi yake na ya wanafunzi wake.

Kwa nini msinunue mashine? Hospitali nyingi hazina hata hadubini.

Swali hili ni la haki na linaniumiza. Hadubini inahitajika, kipimo cha CT, kinachopiga picha za ndani ya kichwa, kinahitajika. Lakini nimewahi kuona, katika hospitali ambayo sitaitaja, hadubini ya msaada ikiwa imefunikwa shuka kwenye korido. Taa yake ilikuwa imeungua, balbu ya aina ile haikupatikana, na daktari pekee aliyefundishwa kuitumia alikuwa amehama. Vumbi lilikuwa limeshika mikunjo ya shuka.

Mashine inayokuja pamoja na mtu aliyefundishwa, fundi wa kuitengeneza na bajeti ya vipuri, tunaipokea kwa mikono miwili. Ikija peke yake, fedha ile ile ingefanya kazi kubwa zaidi kwenye mafunzo.

Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo nchini Kanada, alilielewa hili mapema. Taasisi ya ubongo ya Montreal aliyoiongoza, iliyofunguliwa mwaka 1934, ilipata zaidi ya dola milioni 1.2 kutoka Rockefeller Foundation, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikuwa wakfu wa utafiti, si wa matofali. Hapo ndipo yeye na wenzake walipofanya kazi ya miaka mingi juu ya kifafa, wakigusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo na kuuliza wanahisi nini, mpaka wakapata ramani ya sehemu zinazoongoza mkono, ulimi na uso.

Kwa nini mifuko mingi hubeba jina la daktari mmoja?

Mara nyingi huanzishwa anapostaafu au anapofariki, na wanaochangia ni wagonjwa wake na aliowafundisha. Si kumtukuza bure. Jina humkumbusha anayepokea fedha kwamba kuna mtu alikesha kabla yake. Ninachosisitiza ni kwamba hati ya mfuko ieleze kazi ya mfuko kwanza, wasifu wa mtu baadaye.

Utafiti unamsaidiaje mgonjwa wa kawaida?

Chukua mifano miwili. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walichapisha kipimo cha fahamu kinachotazama macho, maneno na viungo vya mgonjwa. Alama ya chini ni 3 na ya juu ni 15. Hakihitaji umeme wala kifaa. Leo muuguzi wa zamu ya usiku akisema kwa simu "alikuwa 13, sasa ni 9," daktari anaruka kitandani, kwa sababu wote wawili wanajua maana yake.

Mfano wa pili ni Mbale, Uganda. Benjamin Warf alifika huko mwaka 2000 na kukuta watoto wengi wenye vichwa vikubwa. Tiba iliyozoeleka ilikuwa shunti, mrija unaotoa maji kichwani kwenda tumboni. Mrija ukiziba, mtoto anahitaji kupasuliwa haraka, na wazazi wengi waliishi mbali na hospitali. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 300: karibu 60 kati ya kila 100 waliugua kutokana na maambukizi. Akaunganisha njia ya kamera niliyoieleza juu na kuunguza tishu inayotengeneza maji. Je, njia hiyo ni salama kwa akili ya mtoto? Jibu lilipatikana kwa utafiti wa kulinganisha watoto 100 hapo hapo Mbale, uliochapishwa 2017: baada ya miezi 12, ukuaji wa watoto waliotibiwa kwa kamera na wa waliowekewa shunti haukuonyesha tofauti kubwa. Baadaye, mwaka 2020, watafiti walitangaza kwamba walimkuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus katika maji ya ubongo ya baadhi ya watoto waliougua baada ya maambukizi.

Maswali hayo yalitoka kwenye wodi ambako watoto walikuwa wamelala, na fedha ya utafiti iliwafuata pale walipokuwa.

## Kuomba ufadhili

Nani anaweza kuomba?

Inategemea hati ya kila mfuko. Kwa kawaida ni daktari aliyesajiliwa ambaye amekubaliwa kwenye mafunzo ya ubingwa, au bingwa kijana anayetaka ubobezi au utafiti. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hupata misaada midogo ya likizo ya utafiti. Usiombe kabla ya kupata mwalimu aliyekubali kukupokea kwa maandishi.

Barua nzuri ya maombi inakuwaje?

Fupi na mahususi. Nimesoma barua nyingi zinazoanza na ndoto ya utotoni, na ninaziheshimu, lakini hazinisaidii kuamua. Niambie hospitali yako inapokea wagonjwa wa aina gani, wangapi kwa mwezi, kipi hamwezi kukifanya sasa, na ukirudi utakifanya na nani. Barua iliyonigusa kuliko zote ilikuwa na ukurasa mmoja. Mwombaji alitaja watoto wa mgongo wazi waliosubiri zaidi ya wiki kabla ya kufungwa, akaeleza kwa nini walisubiri, na akaandika jina la muuguzi ambaye angeanzisha naye kliniki ya ufuatiliaji.

Bajeti nayo iwe ya kweli. Ukipunguza gharama ili upendeze, utakwama mwezi wa tano.

Je, nalazimika kurudi nilikotoka?

Mifuko mingine huweka mkataba wa miaka kadhaa, mingine huacha kwa hiari. Mkataba peke yake hauwezi kumrudisha mtu kwenye hospitali isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi. Ninaamini zaidi katika kumfundisha karibu na wagonjwa wake. Ndiyo maana kituo cha mafunzo cha Rabat, Moroko, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano na shirikisho la dunia la wapasuaji wa ubongo, kimekuwa muhimu: vijana wa Afrika hujifunza ndani ya bara lao. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika kilichoanzishwa 1999, hufuata mtindo wa kumfundisha daktari katika hospitali za nchi wanachama.

Wapo pia wanaorudi bila kulazimishwa. Latunde Odeku alisomea upasuaji wa ubongo Michigan, akaenda Ibadan, Nigeria, mwaka 1962 na kuanzisha huduma hiyo pale. Alifariki 1974 akiwa na miaka 47, na idara iliendelea bila yeye.

Nikishindwa mtihani, nitarudisha fedha?

Kwa kawaida hapana, mradi ulifanya kazi kwa uaminifu. Udanganyifu wa takwimu ni jambo jingine. Hapo fedha hudaiwa na chama cha kitaaluma huarifiwa.

## Kuchangia

Tumempoteza mzazi kwa uvimbe wa ubongo. Tunacho kidogo. Kinasaidia?

Poleni sana. Ndiyo, kinasaidia, hasa kikiunganishwa na vya wengine ndani ya mfuko uliopo badala ya kufungua mpya (tazama swali la wakfu). Ombeni taarifa ya mwaka: nani alifadhiliwa, alijifunza nini, yuko wapi sasa. Mfuko unaoshindwa kujibu maswali hayo matatu usiupe fedha yenu.

Naweza kumchagua atakayefadhiliwa? Mpwa wangu ni daktari.

Unaweza kuchagua eneo, kama upasuaji wa watoto au kifafa. Mtu huchaguliwa na kamati. Mpwa wako anaweza kuomba kama wengine, nawe hutakuwa kwenye kikao.

Mfuko unaweza kumlipia mgonjwa gharama za upasuaji?

Mfuko wa mafunzo na utafiti hauwezi, hata pale roho inapouma. Masharti yake hayaruhusu, na ukianza kulipia matibabu utaisha kabla ya mwaka. Hospitali nyingi zina ustawi wa jamii, anzia hapo.

## Masuala magumu

Nimepata ujauzito katikati ya ufadhili. Nitaondolewa?

Hupaswi kuondolewa. Mfuko mzuri husimamisha saa: posho ya likizo ya uzazi hulipwa na muda wa mafunzo husogezwa mbele. Mjulishe msimamizi mapema kwa sababu ya mionzi ya X-ray ndani ya chumba cha upasuaji, upangiwe kazi salama. Kama hati ya mfuko iko kimya, omba ifafanuliwe kwa maandishi kabla ya kusaini.

Utafiti wangu umeonyesha kwamba njia ya mwalimu wangu haifai. Nifanye nini?

Uchapishe. Mpe mwalimu takwimu kwanza, azikague akiwa na mtaalamu wa takwimu, lakini asizifungie. Kamati ya mfuko haina mamlaka ya kuzuia matokeo, na ikijaribu, nenda kwenye kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti.

Kampuni ya vifaa inataka kuchangia. Tupokee?

Inawezekana, kwa mkataba unaosema wazi kwamba kampuni haichagui wanafunzi, haichagui mada na haisomi matokeo kabla ya wengine. Mchango utajwe hadharani.

Marehemu alitaka ubongo wake utumike kwa utafiti. Mfuko unaupokea?

Mfuko haupokei viungo. Hupokelewa na benki ya ubongo iliyo chini ya chuo au hospitali yenye kibali, na ridhaa huandikwa mtu akiwa hai au na ndugu mwenye haki kisheria. Muda ni mfupi, saa chache baada ya kifo, kwa hiyo mpigie simu mratibu wa benki hiyo wakati mgonjwa bado yuko wodini, mkubaliane nani atausafirisha mwili na nani atalipa. Ubongo huondolewa kwa mkato wa nyuma ya kichwa, na uso unabaki kama ulivyokuwa kwa ajili ya kuaga.